Mtu wa Kutuombea

Shule yetu iko upande wa Kihonda, mahali ambapo zamani palikuwa na mashamba ya mtama na sasa pana nyumba za matofali ambazo ujenzi wake hauishi. Ni sekondari ya wasichana, ya bweni, ya binafsi, si kubwa wala si ya matajiri. Mimi ndiye mkuu wa shule. Ukisimama kwenye baraza la ofisi yangu unaiona milima ya Uluguru yote, na mvua ikianza kule juu tunajua tuna muda wa kuanua nguo kabla haijatufikia.

Kwa miaka mingi kulikuwa na kikundi cha watu wema wa ng'ambo waliokuwa wakitujazia pale ada zilipopelea. Walikuwa wazee. Wakaanza kufariki mmoja mmoja, na waliobaki wakatuambia kwa upole kwamba hawataweza tena. Wakati huo maabara tuliyokuwa tunajenga ilikuwa imefika usawa wa madirisha, ikasimama hapo, na mbuzi wa jirani wakaifanya zizi. Bodi ikakaa, ikaamua tuajiri mtu mkubwa, mzoefu, wa kuongoza kazi ya kuchangisha fedha. Cheo kikapewa jina refu: Mkurugenzi wa Uchangishaji na Mahusiano. Shuleni hakuna aliyelitamka. Walimu walisema tu "mtu wa kutuombea", na mpishi wetu aliposikia hivyo alidhani tunaajiri mchungaji, akaniuliza ni wa dhehebu gani.

Sikuipenda kazi ile tangu ilipotajwa. Nilizaliwa milimani, kwa watu wanaobeba mboga kichwani tangu alfajiri hadi sokoni mjini, na kwetu mtu anayejua sana kuomba alifichwa chumvi. Lakini nilikuwa nimeona mbuzi wakitoka kwenye maabara yangu, nikanyamaza.

Mwenyekiti wa bodi ni daktari wa mifugo mstaafu, mtu mrefu asiyependa vikao virefu. Siku moja alinipigia simu akiwa na furaha.

"Mwalimu, mtu nimempata."

"Tangazo bado halijatoka, Mwenyekiti."

"Litoke, lisitoke, mtu nimempata. Nilikuwa kwenye kamati ya harusi Dar. Huyu bwana ndiye alikuwa anasimamia michango. Unajua alifanya nini? Watu wote walimaliza ahadi zao kabla ya siku ya harusi. Watu wa Dar, Mwalimu!"

Nilicheka, lakini moyoni nikaandika. Tangazo lilipotoka waombaji walikuwa wachache, na wa kwanza kufika mikononi mwetu alikuwa yeye. Hilo nalo nililiandika moyoni.

Siku ya usaili alifika mapema kuliko sisi wenyewe. Nilimkuta getini akiongea na mlinzi kama ndugu waliopotezana. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, shati jeupe limenyooshwa vizuri, viatu vinang'aa chini ya vumbi la Kihonda.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu," akasema, akainama kidogo.

Nilisita. Tulikuwa rika moja, pengine yeye ndiye aliyenizidi. Shikamoo ya mtu wa rika lako ni kama zawadi usiyojua imetolewa kwa ajili gani.

"Marahaba," nikajibu.

"Nimesikitika kusikia mke wa mlinzi wenu amelazwa," akasema tukitembea. "Mungu atamsaidia."

Mimi niliyekuwa nampita mlinzi yule kila asubuhi sikuwa na habari kwamba mke wake anaumwa. Ningeweza kumshukuru. Badala yake nikajiuliza: huyu ameshachimba nini kingine pale getini?

Kwenye usaili tulikuwa watatu: mwenyekiti, mama mmoja anayewakilisha wazazi, na mimi. Yule bwana alizungumza vizuri mno. Alitueleza alivyoiinua hospitali moja ya Dar, alivyowakusanya wahitimu wa zamani wa shule moja ya Arusha mpaka wakajenga bwalo. Hakusema "mimi" mara nyingi. Alisema "tulikaa", "tukazungumza", "watu wakaguswa". Mama wa wazazi alikuwa ameshaweka kalamu chini na kushika shavu, kama anasikiliza redio. Yule bwana alipoulizwa kuhusu mshahara akatabasamu.

"Hilo tutaliongea mkishajua kwamba mnanitaka."

Mwenyekiti akanitazama, kama mtu aliyeoneshwa ng'ombe mzuri mnadani. Mimi nikauliza:

"Na huku kwetu Morogoro, umewahi kufanya kazi?"

"Nimewahi. Kuna shule moja, ng'ambo ya Matombo. Tulijenga ukumbi."

"Ilikuwaje?"

"Ukumbi ulijengwa, Mwalimu."

Akanyanyua glasi ya maji, akanywa yote. Hospitali ya Dar ilimchukua muda mrefu kuisimulia, na Arusha vilevile. Matombo ilimalizika kwa maneno mawili na glasi ya maji.

Baadaye nilimtembeza shuleni. Ilikuwa saa ya mapumziko, wasichana wamejaa uwanjani. Binti mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa amekaa kwenye ngazi, kiatu chake kimefumuka mbele hadi vidole vinachungulia. Yule bwana alichuchumaa mbele yake, akamuuliza jina, akamuuliza somo analopenda. Binti akajibu akicheka. Alipoinuka akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Wazazi wake wapo?"

"Wapo wote. Baba yake anafanya kazi kiwandani."

"Aah," akasema.

Niliisikia ile "aah" siku nzima. Ningeapa kwamba ndani yake kulikuwa na kukatishwa tamaa.

Wadhamini aliowataja niliwapigia mwenyewe. Wa kwanza alisema ni mtu wa watu. Wa pili naye akasema ni mtu wa watu. Nikaanza kuhisi wamekaa chumba kimoja wakafundishwa. Wa tatu nilimuuliza kwa nini bwana huyu aliondoka kwao.

"Kazi iliisha, mama. Kwani yeye amesemaje?"

Nilikata simu nikiwa na swali lake mkononi badala ya jibu langu.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia dereva tunakwenda Matombo kufuata ndizi za shule. Ndizi tulizihitaji, huo haukuwa uongo. Tukapita Bigwa, tukapita Kiroka, tukaanza kupanda na kushuka, gari likitutikisa, harufu ya mafenesi na mdalasini ikiingia madirishani. Katika vijiji vya njiani niliwasalimia akina mama kwa Kiluguru na wao wakanijibu wakishangaa, maana nilivaa kimjini.

Ile shule ilikuwa ndogo, ya bweni kama yetu, na ukumbi wake ulikuwapo kweli. Ukumbi mzuri, wa bati jekundu, milango mipana. Nikajisikia vibaya. Mwalimu wa zamu alinikaribisha na kunionesha.

"Bila yule bwana tungekuwa tunafanyia mitihani chini ya miti," akasema. "Alijaza watu hapa, Mwalimu. Magari yalipanga foleni hadi barabarani."

Juu ya mlango, kwa ndani, kulikuwa na picha kubwa iliyofifia. Msichana wa miaka kumi na mitatu au minne, miguu mitupu, ndoo kichwani, anatazama pembeni kama anamtazama mtu asiyeonekana kwenye picha.

"Na huyu?" nikauliza.

Mwalimu wa zamu alirekebisha kola yake. "Alikuwa mwanafunzi wetu."

"Alimaliza?"

"Yupo. Anauza ndizi pale njia panda. Si mlisema mnatafuta ndizi?"

Njia panda kulikuwa na vibanda vya fito, mikungu ya ndizi imepangwa chini, mashelisheli, maembe, mafungu ya pilipili manga. Nilimtambua kwa vile alivyotazama pembeni. Sasa alikuwa mwanamke mzima, mtoto mgongoni, mikono yenye utomvu. Tulipatana ndizi kwanza. Dereva alipoanza kupakia, nikamwambia mimi ni mwalimu wa mjini na kwamba nimetoka kuiona picha yake ukumbini.

Aliendelea kufunga mkungu. "Bado ipo?"

"Ipo. Mwanangu, yule bwana aliyechangisha ukumbi anataka kazi kwetu. Nimekuja kumuuliza mtu anayemjua."

"Hakuiba, kama ndicho unachouliza," akasema. "Kila kilichotolewa kilijengwa. Hata baba mdogo alikuwa fundi pale."

"Sijauliza hilo."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akamhamisha mtoto mgongoni hadi kifuani, akaketi juu ya kreti.

"Nilikuwa na viatu," akasema. "Siku ya picha niliambiwa nivivue. Sikuona ubaya, nilikuwa mtoto, nikavivua. Niliambiwa nibebe ndoo. Nyumbani nabeba ndoo kila siku, nikabeba. Siku ya harambee wakaniweka mbele, kwenye kiti. Yule bwana akashika kipaza sauti, akaongea, akaongea. Watu wakachoka, wakaanza kuinuka, maana pilau ilikuwa inanukia. Mara nikasikia anasema, binti huyu hana mama. Mama yake amefariki, na ndoto yake pekee ni kusoma. Watu wakaketi tena. Wengine wakalia. Hapo ndipo michango ilipoanza kumiminika."

"Na mama yako?"

"Alikuwa amesimama nyuma mlangoni. Alikuwa amewaletea wageni karanga kwenye ungo. Akasikia kwenye spika kwamba ameshakufa."

Dereva aliita, mikungu imeisha kupakiwa. Nikampungia mkono asubiri.

"Hakupiga kelele," yule mwanamke akaendelea. "Aliweka ungo chini, akaondoka. Shule hakukanyaga tena, hata siku ya wazazi. Wenzangu wakaniita yatima, kwa utani tu, unajua watoto. Lakini kwetu huwezi kumtaja mtu amekufa naye yu hai halafu ukakaa naye nyumba moja kwa amani. Mjomba alisema nimemuuza dada yake. Kidato cha pili nikaacha."

"Pole sana, mwanangu. Mama bado yupo?"

Akacheka, na kile kicheko sikukitarajia. "Yupo. Marehemu analima magimbi huko juu."

Tulirudi mjini na gari limejaa ndizi. Jioni ileile nilikwenda nyumbani kwa mwenyekiti. Alinisikiliza akimenya chungwa.

"Aliiba?"

"Hakuiba."

"Ukumbi upo?"

"Upo."

"Basi amefanya kosa la ulimi, Mwalimu. Sisi sote tuna ndimi."

"Mwenyekiti, wewe una binti. Nimsimamishe jukwaani nitangaze umekufa, upate maabara, utakubali?"

Akaacha kumenya. Mkewe, aliyekuwa anapita na sinia, akasema "Astaghfirullah" na kuendelea na safari yake. Mwenyekiti akasema tumwite yule bwana, tumuulize uso kwa uso. Mnyama mgonjwa, alisema, anajulikana kwa macho.

Alikuja Jumanne. Tulikaa ofisini kwangu, sisi watatu tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilijua atasema aliambiwa vibaya na mkuu wa shule ile, au kwamba alichanganya mtoto na mtoto. Nilikuwa na jibu la kila kisingizio. Nikamweleza nilikokwenda na niliyemkuta.

Alivua miwani, akaishika mapajani.

"Nilijua mama yake yupo," akasema. "Asubuhi ile alinikaribisha karanga."

Mwenyekiti akakohoa.

"Sasa kwa nini ulisema vile?" nikauliza.

"Watu walikuwa wanainuka kwenda kula. Ukishawaacha watu wakale kabla hawajatoa, hawatoi. Nilitafuta neno la kuwarudisha kwenye viti. Neno likaja. Lilipokuwa linatoka nikamwona yule mama mlangoni, na lilikuwa limeshatoka."

"Na baadaye? Hukumfuata?"

"Nilikula pilau na wageni, Mwalimu. Kesho yake nikarudi Dar."

Nje wasichana walikuwa wanaimba wakifagia. Aliomba ruhusa aende Matombo akaombe radhi, akasema kama hatutampa kazi atakwenda hivyohivyo. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Macho ya mnyama yalikuwa yamemridhisha. Mimi sikuridhika. Mtu ambaye kazi yake ni kuomba, akiomba msamaha utajuaje? Hata kule kukiri kwake kulikuja kwa mpangilio mzuri: karanga, pilau, kesho yake Dar. Kama hadithi ambayo imeshasimuliwa mahali, ikaonekana inafaa.

"Tutakwenda wote," nikasema.

Tulikwenda siku ya gulio, kwa sababu yule muuza ndizi, aliyeniachia namba yake, alituambia kwenye simu kwamba siku hiyo mama yake hushuka kuuza magimbi. Njiani yule bwana alikaa kiti cha nyuma. Nilimtazama kwenye kioo cha gari. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, na sikujua kama anasali au anafanya mazoezi.

Gulio lilikuwa limechangamka. Nguo za mitumba zimetandazwa, akina mama na mafungu ya njegere na karoti, mtu anauza sumu ya panya kwa spika inayokwaruza. Yule mama alikuwa amekaa chini nyuma ya magimbi yake, mdogo wa umbo, kitenge kimefungwa kifuani, jembe pembeni. Binti alisimama nyuma yake, mikono ameikunja.

Yule bwana alipiga goti palepale vumbini. "Mama, shikamoo. Binti yangu, nimekuja..."

"Mimi si binti yako," akasema binti.

"Samahani. Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea sana."

Alisema kwa sauti ndogo, ya chini, iliyojaa adabu. Watu wawili watatu walianza kugeuka. Yule mama akamtazama kama anavyotazamwa mteja anayebonyeza gimbi bila kununua.

"Inuka, suruali inachafuka," akasema. Bwana akainuka, mama akaendelea: "Kule kwenye spika ulisema kwa sauti. Hapa unanong'ona. Kwa nini?"

Bwana yule akayatazama magimbi.

"Niliuawa kwa kipaza sauti," yule mama akasema. "Nifufue kwa kipaza sauti."

Binti ndiye aliyekwenda kwa muuza sumu ya panya na kumwomba spika. Walicheka kidogo, kisha muuza sumu akakubali, akamkabidhi yule bwana kipaza sauti na kumwambia afanye haraka, biashara inasimama. Akapanda juu ya kreti. Shati jeupe, magoti yamejaa vumbi jekundu. Akaanza kwa kusitasita. Akajitambulisha. Akawauliza nani anaukumbuka ule mchango wa ukumbi. Mikono michache ikainuka. Akasema siku ile alitangaza jambo la uongo. Alimtaja yule mama kwa jina lake na la ukoo wake, akasema kwamba alikuwa hai siku ile kama alivyo hai leo, kwamba alimwonjesha karanga asubuhi na yeye akamlipa kwa kumzika mchana.

Hapo sauti yake ikapanda. Niliisikia ikipanda. Gulio lilinyamaza, wauza mitumba wakaacha kukunja nguo. Alizungumza juu ya mama anayelea, juu ya mtoto aliyeitwa yatima na mama yake yupo nyumbani akimpikia. Mama mmoja karibu yangu akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mzee mmoja akapeleka fungu zima la ndizi mbivu na kuliweka mbele ya muuza magimbi, kama sadaka. Watu walikuwa mkononi mwake. Nami niliguswa kama wengine, na palepale nikawaza: hivi ndivyo ilivyokuwa siku ile. Hivihivi. Sauti ndiyo hii.

Alipomaliza watu wakapiga makofi na vigelegele, wengine wakimwita yule mama "mfufuka". Yeye mwenyewe alikuwa anatabasamu kidogo, meno machache.

"Imetosha," akasema. "Sasa ile picha."

Tulikwenda ukumbini sote. Mwalimu wa zamu alileta meza, yule bwana akapanda, akaitoa picha kwa mikono yake, vumbi likamwagikia kichwani. Akampa binti kwa mikono miwili. Binti aliitazama muda mfupi, kisha akaigeuza na kuibeba kwapani kama kipande cha bati, akarudi kwenye ndizi zake. Hakusema amemsamehe. Hakuna aliyemuuliza.

Nilipokuwa naagana na yule mama alinishika mkono, akanivuta karibu, akasema kwa Kiluguru ili yule bwana asielewe: "Anaongea vizuri sana huyu. Ndiyo maana mumwangalie."

Bodi ilikaa wiki iliyofuata. Mwenyekiti alisema mtu aliyekiri mbele ya gulio zima ni mtu wa kuaminika. Mama wa wazazi, ambaye hakuwapo, alilia tulipomsimulia, na hilo likanipa wasiwasi zaidi, maana sasa hadithi ile ilikuwa inafanya kazi hata bila mwenyewe. Walipofika kwangu nikasema nakubali aajiriwe. Walishangaa. Nikasema anajua kazi, na maabara haitajiezeka. Lakini nikaweka masharti yangu: hakuna uso wa mwanafunzi kwenye bango, hakuna habari ya nyumbani kwa mtoto kutajwa jukwaani, na kila neno litakalotoka nje ya shule nilisome mimi kwanza. Alipoambiwa alikubali haraka, na nikatamani angebisha kidogo.

Amekuwa nasi tangu hapo. Siwezi kusema uongo, kazi anaiweza. Aliwatafuta wasichana wetu waliohitimu zamani, wauguzi, wahasibu, mmoja rubani, akawarudisha shuleni siku moja ya Jumapili wakala ubwabwa na kusimuliana walivyokuwa wakitoroka dirishani. Walichanga bila kulizwa na mtu. Kuta za maabara zikainuka. Mbuzi wakahama. Mlinzi anampenda, mpishi anamwekea ukoko wa wali. Mimi nasoma kila tangazo lake kabla halijatoka, na sijawahi kukuta neno la kukata. Wakati mwingine nalisoma mara mbili kwa sababu hiyohiyo.

Siku moja alikuja mgeni kutoka kampuni moja ya Dar, kijana wa suti, aliyetaka kutusaidia kuezeka. Niliwaacha wazungumze ofisini kwa yule bwana, nikaenda kuchukua funguo za maabara. Nikirudi, nikiwa barazani nje ya mlango ulioachwa wazi, nikamsikia kijana anasema:

"Mzee, nitafutie mtoto mmoja mwenye shida kweli kweli. Nipige naye picha. Kule ofisini itasaidia sana kupitisha hili jambo."

Nikasimama. Funguo nikazibana mkononi zisilie. Kimya kilikuwa kirefu, au mimi ndiye niliyekiona kirefu.

"Nitakuonesha jengo lisilo na paa," yule bwana akajibu. "Nalo lina shida kweli kweli, na ukilipiga picha halitaona aibu."

Kijana akacheka. "Lakini jengo haligusi watu, mzee."

"Basi hao watu wako tuwaache wasiguswe."

Nilitaka kuingia nimpe mkono. Ndipo nikaona dirisha. Alikuwa ameketi akilielekea, ameupa mlango mgongo, na kwenye kile kioo, kwa jinsi mwanga ulivyokuwa, mlango wote ulionekana. Gauni langu la bluu lilionekana. Yeye hakuwa amegeuka hata mara moja.

Nilisimama pale nikikitazama kioo, nikijaribu kujua macho yake yalikuwa wapi alipokuwa anajibu. Kisha nikagonga mlango, nikaingia, nikamsalimia mgeni, na tukaenda wote watatu kuiona maabara.